Mwizi Aliyeacha Viatu Vipya

Simu ilipoita saa mbili na robo asubuhi, Sajini alikuwa ndiyo kwanza anafungua chupa ya chai mezani kwake. Hakuwa na haja ya kuuliza anayepiga ni nani. Mama mkwe wake alikuwa mtu pekee duniani aliyeanzia mazungumzo ya simu katikati.

"...na wote wananitazama mimi! Mkwe wangu, nimeitwa mwizi. Kwa umri huu! Njoo na pingu zako umfunge mwenye makosa, na kama ni mimi, nifunge mimi, ila uje haraka. Lori linaondoka saa sita."

"Shikamoo, Mama. Kumeibwa nini?"

"Marahaba. Viatu."

"Viatu vya nani?"

"Vya wifi yako. Vile vibovu."

Sajini alifunga chupa ya chai. Katika miaka kumi na moja ya upelelezi alikwisha kushughulikia wizi wa ng'ombe, wizi wa nyaya za umeme, na mara moja wizi wa mlango wa kituo chake mwenyewe cha polisi. Kesi ya ndani ya ukoo wa mumewe hakuwahi kupewa, na kila mwaka alikuwa akimshukuru Mungu kwa hilo. Alichukua daftari, kalamu mbili na futi ya kupimia, akatoka.

Stoo ilikuwa nyuma ya nyumba ya mama mkwe, jengo refu la bati lenye harufu ya turubai na mafuta ya ngozi. Hapo ndipo marehemu baba mkwe wake alipoendeshea kazi yake ya kuvusha watu jangwani kwa miguu, siku ishirini na moja, ngamia wakibeba maji na mizigo. Mzee alifariki miezi minane iliyopita. Leo binti yake, wifi yake Sajini, ndiye angeongoza msafara wa kwanza peke yake. Kibali kiliandikwa jina lake na tarehe ya leo. Asipoondoka leo, kibali kinarudi kilikotoka na msimu umekwisha, na watu wangesema walichokuwa wakikisema tangu matanga, kwamba mwanamke yule hataliweza jangwa.

Na bila viatu vile asingeweza kuondoka. Hilo Sajini alilijua hata kabla hajaelezwa, kwa kuwa katika nyumba ile habari za miguu huliwa pamoja na chakula. Kiatu kisichouzoea mguu kinakutoa malengelenge siku ya pili, siku ya nne unachechemea, na kiongozi anayechechemea huwachelewesha watu kufika kisimani.

Mlangoni alipokewa na mtunza stoo, ambaye kila mtu alimwita Kibandiko. Sababu ya jina ilionekana mara moja. Kila kitu mle ndani kilibandikwa karatasi yenye maandishi yake mazuri: TURUBAI KUBWA, TURUBAI DOGO, KAMBA, KAMBA NYINGINE. Kiti chake kilibandikwa KITI. Bakuli lake la chakula lilibandikwa SI LAKO.

"Afande, mimi mikono yangu misafi," alisema kabla hajaulizwa.

"Sijasema michafu. Ufunguo unao nani?"

"Mimi peke yangu. Nalala nao shingoni. Jana nimefunga saa kumi na mbili, leo nimefungua saa moja."

"Na viatu uliviona mara ya mwisho lini?"

"Jana saa kumi, wakati tunaanza kupima. Vilikuwa pale."

Alionyesha benchi lililobandikwa BENCHI. Juu ya vumbi lake palikuwa na alama mbili safi za nyayo. Sajini alizipima kwa futi, akaandika. Pembeni ya alama hizo lilikaa boksi wazi, na ndani yake viatu vipya vya ngozi vinavyong'aa, kamba zake nyekundu bado zimefungwa na karatasi.

"Hivi navyo?"

"Zawadi ya Bibi, mama mkwe wako. Alivileta jana saa kumi na moja."

Sajini alivitazama kwa muda. Ni mwizi gani anakuta jozi mbili kando kwa kando, anachukua zile zilizotoboka na kuacha mpya? Si mwenye shida ya viatu. Aliandika hilo pia, akalipigia mstari.

"Nionyeshe mlivyopima."

Kibandiko alinyooka kama anaimba wimbo wa shule. Utaratibu ulikuwa wa marehemu mzee mwenyewe. Siku moja kabla ya safari kila begi linamwagwa juu ya turubai mbele ya watu wote, hata nguo za ndani, na orodha inasomwa kwa sauti: mashati mawili ya mikono mirefu, suruali mbili pana, soksi za sufu jozi nne, sweta, jaketi la upepo, kitambaa cha kichwani mita tatu, mfuko wa kulalia, tochi, chupa mbili, mafuta ya midomo, plasta. Kisichokuwa kwenye orodha kinarudi nyumbani. Kisha begi linatundikwa kwenye mizani iliyoning'inia darini. Likizidi kilo kumi na mbili, mwenyewe anachagua cha kuacha, kwa kuwa ngamia hapokei rushwa.

Sajini alifungua daftari la mizani. Mstari wa kwanza ulikuwa mtupu. Wa pili ulisomeka: Jaji, kumi na mbili kamili. Wa tatu: Bwana Harusi, kumi na moja na nusu. Wa nne: Bi Harusi, kumi na mbili kamili.

"Mbona umeanzia mstari wa pili?"

"Wa kwanza huwa wa kiongozi, afande."

Sajini aliitikia kwa kichwa, akafungua ukurasa mwingine. Baadaye angejilaumu kwa kitendo kile kwa wiki nzima.

Wifi yake alikuwa nje uani, amekaa juu ya dumu la maji, amevaa suruali ya safari, shati la safari, kitambaa cha kichwani kimefungwa barabara, na miguuni kandambili. Walisalimiana.

"Pole, wifi."

"Nishapoa. Labda ndiyo Mungu hajapenda."

"Hukusikia chochote? Hukumwona mtu?"

"Wifi, viatu vimepotea. Mimi nitafanyaje?" Alisema hivyo kwa upole, akikwangua mfuniko wa dumu kwa kucha. "Waambie tu waende majumbani."

Sajini alitazama saa yake. Saa tatu kasoro kumi. Akawaita wasafiri wote stoo na kutangaza kuwa mabegi yanapimwa upya. Hoja yake ilikuwa nyepesi. Mlango haukuvunjwa, na viatu havina miguu yao wenyewe. Basi vilitoka mikononi mwa mtu au bado vimo humo ndani, na mahali pazuri pa kuficha kiatu ni kwenye begi ambalo limeshapita ukaguzi.

Begi la jaji mstaafu lilitundikwa la kwanza. Sindano ilipanda, ikapita kumi na mbili, ikatulia kwenye kumi na tatu na robo.

"Mheshimiwa," alisema Sajini, "begi lako limenenepa usiku."

Jaji alikuwa mzee mrefu aliyepiga tai hata asubuhi ile, na ambaye kwa miaka thelathini alizoea kuuliza maswali badala ya kuulizwa. "Napinga upekuzi huu," alisema.

"Pingamizi limeandikwa," alisema Sajini, akaifungua kamba.

Mkono wake uligusa kitu kigumu, chenye ncha, kizito. Alikivuta kwa furaha ya mpelelezi aliyemaliza kazi kabla ya chai ya saa nne. Ilikuwa pasi ya mkaa.

Hakuna aliyecheka kwanza, maana wote walikuwa wakijaribu kuelewa. Kisha Bi Harusi alitoa sauti kama kuku aliyekanyagwa, na wengine hawakuweza tena kujizuia.

"Ulisema asubuhi umesahau miwani!" Kibandiko alifoka. "Nikakufungulia kwa heshima!"

"Na ili iingie, umetoa nini?" Sajini aliuliza.

"Mfuko wa kulalia," jaji alikiri.

"Usiku kule ni baridi, mheshimiwa. Utajifunika pasi?"

Jaji aliirekebisha tai yake. "Afande, mtu anaweza kufa jangwani. Hilo nimelikubali. Kufa na suruali yenye makunyanzi, hapana."

Pasi ilibandikwa YA JAJI, HAIENDI, ikawekwa rafuni. Viatu havikuwamo.

Begi la Bwana Harusi lilikuwa kumi na moja na nusu, kama daftari lilivyosema, lakini mwenyewe alikuwa akitokwa na jasho la mtu aliyebeba mawe. Sajini alimpeleka nyuma ya rundo la mahema.

"Jana baada ya kupima ulimuuliza Kibandiko kama misafara huwa inaahirishwa. Mara mbili. Kwa nini?"

Kijana alichungulia kama mkewe anasikia. "Afande, nikikuambia, itaishia hapa?"

"Inategemea."

"Wakati wa uchumba nilipiga chuku kidogo. Nilimwambia nimevuka jangwa mara tatu. Akafurahi sana, akasema fungate letu liwe huko." "Sijawahi kulala nje, afande. Hata barazani. Leo nilipoona viatu havipo moyo uliruka kwa furaha, lakini naapa sikuvigusa."

Sajini alimwamini. Mwongo mwenye hofu vile asingeweza hata kuficha kijiko. Alimwita mkewe.

"Dada," Bi Harusi alianza kunong'ona hata kabla ya kufika, "vikipatikana, si lazima useme leo, au siyo?"

"Na wewe hutaki kwenda?"

"Mimi naogopa nge! Lakini mume wangu anapenda jangwa kuliko kitu chochote. Ameshavuka mara tatu. Nitamwambiaje?"

Sajini alifunga daftari. Alikuwa na siri mbili zinazotoshana kama mfuniko na chungu, na akaona si kazi ya polisi kuingilia ndoa ya siku tisa. Alimrudisha kwa mumewe, wakashikana mikono na kujikaza kisabuni, kila mmoja kwa ajili ya mwenzake.

Ilikuwa saa nne na nusu. Alibaki na mtuhumiwa mmoja, na huyo alikuwa amekwisha kukaa kwenye KITI, mikono imekunjwa kifuani.

"Ulichelewa kufika kwangu," alisema mama mkwe. "Mimi ningeanza na mimi."

Sajini alikaa kwenye benchi. Alikuwa amewahi kumhoji jambazi mwenye panga, na siku ile hakuchagua maneno hivi.

"Mama, ni kweli uliwahi kusema viatu vile utavitupa mwenyewe?"

"Nimesema mara ishirini. Andika ishirini."

"Jana ulileta vipya. Vya zamani ulivigusa?"

"Nilivitazama. Kutazama nako ni kosa siku hizi?"

"Na asubuhi?"

"Nilikuja saa moja na nusu. Kibandiko alikuwa anayumba na mabegi kama mlevi, nikamsaidia kuyapanga pale mlangoni. Yote manne. Kisha nikaona benchi tupu, nikakupigia."

"Kabla ya kumwambia mwenye viatu?"

"Nilikupigia wewe," alirudia mama mkwe, na akamkazia macho kwa namna ambayo Sajini hakuielewa. "Wewe ndiye polisi wa nyumba hii. Kesi zako zote huwa unazianzia wapi?"

Sajini alifungua kinywa kujibu kwamba huanza na mlalamikaji, kama alivyofundishwa chuoni wiki ya kwanza. Akakifunga. Mlalamikaji alikuwa ni nani? Viatu ni vya wifi yake, msafara ni wa wifi yake, kibali ni cha wifi yake, na aliyepiga simu ni mtu mwingine kabisa. Mwenyewe alikuwa uani anakwangua dumu na kuwaruhusu watu waende majumbani saa tatu kabla ya lori.

Kisha akalisikia lile neno lililompita. Yote manne. Yeye alikuwa amepima matatu.

Aliinuka, akalirudia daftari la mizani, na kuweka kidole kwenye mstari mtupu. "Kibandiko! Begi la kiongozi hupimwa lini?"

"La kwanza kabisa, afande, mbele ya wote, ili mtu asilalamike kuhusu lake. Tangu enzi za mzee."

"Na jana?"

Kibandiko alikuna kichwa. "Jana alisema tuendelee, lake litapimwa baadaye. Nikaacha nafasi." Uso ulimshuka. "Na baadaye haikufika."

Sajini aliwaomba watu wote watoke nje, akamwita wifi yake ndani na kufunga mlango. Begi la nne lilikuwa limeegemea ukuta, limefungwa kwa fundo la marehemu mzee, fundo ambalo, kwa alivyojua Sajini, watu wawili tu duniani waliwahi kulijua, na mmoja wao alikuwa kaburini.

"Fungua, wifi."

Wifi yake alilitazama fundo kwa muda mrefu. Kisha akapiga magoti na kulifungua. Nguo zilitoka moja moja, zimekunjwa kwa mpangilio wa orodha, mashati, suruali, soksi, sweta. Chini kabisa, ndani ya mfuko wa kulalia, vilikuwa viatu. Vilikuwa vimepakwa mafuta na kutiwa kamba mpya.

"Sikukusudia kumtia Mama matatani," alisema, na machozi yakaanza kumtoka. "Nilitaka tu kusiwe na safari, bila mimi kusema sitaki. Miaka yote nimetembea nyuma ya Baba. Nimezoea kuona mgongo wake. Kesho nikitazama mbele hakuna mgongo, wifi, kuna mchanga tu. Na nyuma yangu watu watatu, na mmoja anataka kupiga pasi!"

Sajini alitaka kucheka na kulia, na akafanya vyote kidogo. Kisha upelelezi ukamrudia.

"Sikiliza. Mtu asiyetaka safari anavitupa viatu shimoni, au anavichoma moto. Nimeona wezi wengi. Sijamwona hata mmoja anayevipaka mafuta, akavitia kamba mpya, akavipakia kwenye begi linalopanda lori. Wewe ulikuwa unaficha au unafungasha?"

Wifi alikuwa amekishika kiatu kimoja, anakipapasa kisigino.

Mlango ulifunguliwa bila hodi, kwa kuwa mama mkwe hakuwahi kupiga hodi kwenye mlango wake. Aliviona viatu na hakushtuka hata kidogo.

"Ulijua," alisema Sajini.

"Nilivyoliinua tu asubuhi. Mabegi haya nimeyainua miaka thelathini na minane. Kilo moja na nusu zaidi nisiijue?" Alijishusha taratibu mpaka akakaa sakafuni kando ya binti yake. "Baba yako alikuwa anapoteza kitu kila safari. Hukuwahi kujiuliza? Mara kofia, mara filimbi, mara ramani. Asubuhi ya kuondoka, nyumba nzima inatafuta."

"Alikuwa msahaulifu," alisema binti.

"Yule? Yule aliyekumbuka visima vyote mpaka anakufa?" Mama alitikisa kichwa. "Alikuwa anaogopa, mwanangu. Kila safari, hata ya mwisho. Kofia ilikuwa inapotelea ndani ya begi lake mwenyewe. Mimi naitoa, namvika, namwambia lori linangoja. Hatukuwahi kulizungumza."

Binti alimtazama mama yake kana kwamba ndiyo kwanza anakutana naye. Kisha alizivua kandambili. Alivaa kiatu cha kulia, akavaa cha kushoto, akavuta kamba, akasimama na kukanyaga mara mbili kwa nguvu.

"Kibandiko!" aliita. "Njoo upime la kwangu!"

Begi lilimwagwa upya juu ya turubai mbele ya watu wote, orodha ikasomwa, na mizani ikasema kumi na moja kamili. Mstari wa kwanza ukajazwa. Jaji alisaini kama shahidi bila kuombwa. Saa sita na dakika tano lori lilitoka, kiongozi amekaa mbele na maharusi nyuma, wakipungiana mikono na watu kwa ushujaa wa kutia huruma.

Lilipokwisha kupinda kona, Sajini aliuliza lililokuwa likimkereketa. "Mama, mbona hukuvitoa mwenyewe kimyakimya, kama ulivyomfanyia Baba? Umekubali kuitwa mwizi asubuhi nzima."

"Baba yenu nilikuwa mke wake. Mke akisema nenda, mtu anakwenda. Huyu ningemwambia mimi, angesikia mama yake anamfukuza, au angenililia nikamwambia baki." Aliitazama kona lori lilikopindia. "Ningemwambia baki, mkwe wangu. Ndiyo maana nikakuita wewe."

Na hapo alilia, waziwazi, wala hakusingizia vumbi la lori. Sajini alimshika mkono. Alipomaliza, mama mkwe alijifuta uso kwa ncha ya khanga, akaingia stoo na kutoka na lile boksi la viatu vipya, akamkabidhi Kibandiko.

"Haya, weka rafuni. Andika karatasi."

"Niandike nini, Bibi? Viatu?"

"Andika," alisema mama mkwe, "vya safari ya pili."